Kusoma jiografia na historia ya Uskoti kwa pamoja: ramani, parokia na mahame

Anayechukua jiografia na historia ya Uskoti katika shahada moja hugundua mapema kwamba idara hizi mbili hazisemezani. Ratiba hugongana, taratibu za kuandika hazifanani, na mwalimu wa upande mmoja mara nyingi hajui wa upande wa pili amekufundisha nini. Kazi ya kuziunganisha ni ya mwanafunzi. Tuliopitia njia hii tuna ushauri mmoja mkubwa, na mengine yote yanaufuata: shika mahali pamoja padogo, bonde au parokia, tangu mwaka wa pili, na upachunguze kwa zana za masomo yote mawili hadi tasnifu. Anayeandika juu ya Nyanda za Juu za Uskoti kwa jumla huishia na maneno ya jumla.

Kwanza shahada yenyewe. Shahada ya heshima huko ni miaka 4, si 3 kama England. Kila mwaka una krediti 120, jumla 480, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi, mihadhara na usomaji wako binafsi vikijumlishwa. Kwa hiyo somo la krediti 20 linakudai saa 200. Kama mihadhara na semina zinachukua 30, zile 170 zilizobaki ni zako na maktaba, na hapo ndipo wengi huzidiwa. Katika vyuo vikongwe, yaani St Andrews, Glasgow, Aberdeen na Edinburgh, shahada ya kwanza ya sanaa huitwa MA. Mwalimu Nyerere alimaliza MA ya namna hii Edinburgh mwaka 1952, na haikuwa uzamili. Ukirudi nyumbani na cheti kama hicho, mwajiri au chuo kingine kitauliza, kwa hiyo omba kabisa nakala ya matokeo inayoonyesha ngazi: shahada ya heshima ni ngazi ya 10 katika mfumo wa sifa wa Uskoti, uzamili ni ya 11.

Miaka miwili ya mwanzo kwa kawaida ina nafasi ya somo la tatu. Wengi huchukua lililo jepesi. Sisi tungechukua akiolojia, au Kigaeli cha wanaoanza kama kinafundishwa, maana majina karibu yote ya vilima na mito ya kaskazini-magharibi ni ya Kigaeli, na sehemu kubwa ya ushahidi wa wakulima wadogo ulitolewa kwa lugha hiyo kabla ya kuandikwa kwa Kiingereza.

Tofauti za uandishi zinagharimu alama kuliko watu wanavyodhani. Jiografia inataka jina la mwandishi na mwaka ndani ya mabano, sehemu ya mbinu, maelezo ya namna ulivyochagua sampuli, na ukomo wa takwimu zako. Historia inataka tanbihi chini ya ukurasa, na ndani yake jina la hifadhi na namba kamili ya faili. Pia inataka ueleze waraka uliandikwa na nani, kwa ajili ya nani na kwa faida gani. Kosa la kawaida ni kupeleka desturi za upande mmoja upande wa pili: insha ya historia iliyokatwakatwa kwa vichwa vidogo na chati ambazo hakuna aliyezihoji, au ripoti ya jiografia inayoanza na wafalme wawili kabla ya kufika kwenye swali. Tumia programu ya kutunza marejeo tangu wiki ya kwanza, kama Zotero, uwe na mitindo miwili tayari. Kubadilisha tanbihi 80 kwa mkono usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha ni adhabu isiyo ya lazima.

Ramani ya kwanza utakayokutana nayo ni ya William Roy, mpimaji wa jeshi. Wajakobiti, yaani waasi waliotaka kuurudisha ukoo wa kifalme wa Stuart, waliposhindwa Culloden tarehe 16 Aprili 1746, jeshi lilijikuta halina ramani ya kuaminika ya nchi lililotakiwa kuilinda. Upimaji ulianza 1747 na kuendelea hadi 1755, Nyanda za Juu kwanza, kisha kusini kuanzia 1752. Skeli ni inchi moja kwa yadi 1,000, yaani 1:36,000. Maktaba ya Taifa ya Uskoti imeiweka mtandaoni bure, imelazwa juu ya ramani ya leo, na unaweza kuififisha kidogo kidogo uone kilicho chini yake.

Urahisi huo una mtego. Mwanafunzi huona kijiji cha Roy kimeangukia mita mia kadhaa kutoka kwenye magofu anayoyajua, naye huandika kwamba kijiji kilihama. Hakikuhama. Kikosi kimoja cha upimaji kilikuwa na kiongozi na askari 6, wakifuata mito na barabara kwa chombo cha kupimia pembe na mnyororo. Walichopima kwa kweli ni mstari waliopita. Milima na vingine vya pembeni walivichora kwa macho. Hapakuwa na mtandao wa pembetatu wa kuzuia makosa yasirundikane, kwa hiyo kadiri unavyoachana na barabara ndivyo kosa linavyokua. Roy mwenyewe baadaye alikiri kwamba ulikuwa mchoro mzuri wa kijeshi kuliko ramani sahihi ya nchi. Visiwa vingi, Hebrides vikiwemo, havimo kabisa.

Ukitaka kuiingiza kwenye QGIS, programu ya ramani za kompyuta, usijaribu kunyoosha karatasi nzima. Kata kipande cha kilomita 5 hadi 10 kando ya mto mmoja. Chagua nukta 8 hadi 12 ambazo hazihami: mito inapokutana, kanisa la zamani, daraja la mawe, ncha ya ziwa. Zisambaze hadi pembeni. Zikijazana katikati, kingo zitapinda. Anza na mgeuzo wa daraja la kwanza, unaohitaji nukta 3 tu, kisha utazame mabaki ya kila nukta, yaani umbali kati ya ilipoangukia na mahali pake halisi. Daraja la pili linahitaji 6. Usivutwe kwenda juu zaidi eti kosa la wastani limeshuka: ramani inakuwa inajikunja ili ipite kwenye nukta zako huku vijiji vilivyo kati vikipotea njia. Hifadhi kazi katika gridi ya taifa ya Uingereza, EPSG:27700, na uandike kosa la wastani kwa mita ndani ya matini, si kwenye kiambatisho. Rangi nazo zisomwe kwa akili. Nyumba zimewekwa kwa nyekundu na mashamba kwa mistari ya manjano, lakini alama nyekundu 5 hazimaanishi nyumba 5, na mistari ile ni alama ya kilimo tu, haionyeshi matuta halisi.

Sasa takwimu, mahali ambapo wanajiografia hujiamini kupita kiasi. Mchungaji Alexander Webster alikadiria watu wa Uskoti mwaka 1755 kuwa 1,265,380, na sensa ya kwanza ya 1801 ikahesabu 1,608,420. Namba ya Webster inaonekana imehesabiwa mtu kwa mtu, lakini ilitokana na majibu ya wachungaji wa parokia, na wengi wao walikuwa na orodha ya waumini waliofikia umri wa kuhojiwa katekisimu tu. Watoto waliongezwa kwa kukadiria. Kati ya hizo mbili kuna kazi ya Sir John Sinclair, maelezo ya parokia 938 yaliyochapishwa kwa juzuu 21 kati ya 1791 na 1799, kila mchungaji akijibu maswali zaidi ya 160 kuhusu udongo, mishahara, magonjwa, kondoo na mwenendo wa watu. Mfululizo wa pili ulitoka 1834 hadi 1845. Kwa shahada hii hakuna hazina kubwa kuliko hiyo. Kumbuka tu kwamba mchungaji aliteuliwa mara nyingi kwa ridhaa ya mwenye ardhi, na nyumba yake ilikarabatiwa kwa fedha za wenye ardhi hao. Akisifu maendeleo ya kilimo, jiulize nani alikuwa jirani yake mezani.

Unapolinganisha sensa na sensa, adui ni mpaka. Parokia ya kiraia si sawa na parokia mpya za kanisa zilizokatwa ndani yake katika karne ya 19, na sensa huchapisha zote mbili kwenye majedwali yanayofanana kwa sura. Tena sheria ya serikali za mitaa ya 1889 ilileta makamishna wa mipaka waliofuta vipande vilivyojitenga. Kabla yao Cromartyshire ilikuwa vipande vilivyotawanyika ndani ya Ross. Mabadiliko mengi yalianza kutumika 1891. Mwaka 1975 kaunti zikaondolewa kama ngazi ya utawala, na tangu 1996 kuna halmashauri 32 zenye mipaka mingine.

Njia ya kujikinga ni hii. Tengeneza jedwali lenye jina la parokia, mwaka, watu, na eneo kwa ekari kama sensa ilivyolichapa. Safu ya eneo ndiyo itakayokuamsha: eneo likibadilika kati ya 1881 na 1901, mpaka umesogea. Fungua ramani ya inchi sita kwa maili, toleo la kwanza lililopimwa kati ya 1843 na 1882, uilinganishe na toleo la pili uone kipande gani kimekwenda wapi. Kisha usigawanye watu kwa makadirio. Unganisha parokia zote mbili zilizopeana ardhi na uzihesabu kama moja kwa miaka yote. Unapoteza undani kidogo, lakini hesabu inasimama.

Hata mpaka usiposogea, jumla inaweza kuficha jambo lenyewe. Idadi ya watu wa kaunti ya Sutherland iliongezeka kidogo kati ya 1801 na 1831, ingawa hiyo ndiyo miaka ambayo wapangaji wa mabonde ya ndani walifukuzwa kupisha kondoo wa Cheviot. Wengi walisogezwa pwani kwenye vipande vya ardhi mbovu, ndani ya kaunti ileile na mara nyingine ndani ya parokia ileile. Anayetumia jumla ya kaunti kudai kwamba kufukuzwa huko hakukuwa kukubwa amepotoka. Anayesema kaunti nzima ilibaki tupu naye amepotoka.

Kuhusu vipimo, kuna mambo yanayorudia kuwaangusha watu. Ekari ya Kiskoti ilikuwa takriban moja na robo ya ekari ya kawaida, na maili ya Kiskoti karibu kilomita 1.8. Pauni ya Kiskoti wakati wa Muungano na England wa 1707 ilikuwa sehemu moja ya 12 ya pauni ya England, na merk moja, kipimo kingine cha fedha za Kiskoti, ni theluthi mbili za pauni ya Kiskoti. Kwa hiyo kodi ya merk 100 ni pauni 66 shilingi 13 na peni 4 za Kiskoti, sawa na kama pauni 5 na shilingi 11 za England. Ukisahau hatua hiyo, mpangaji maskini anakuwa tajiri ghafla. Davoch, inayotajwa katika hati za kale za kaskazini, si eneo lenye ukubwa maalumu. Ilikuwa kipimo cha wajibu na uzalishaji, na kuigeuza kuwa hekta ni kujidanganya. Tarehe nazo: Uskoti ilianza kuhesabu mwaka mpya kutoka 1 Januari mwaka 1600, England ikasubiri hadi 1752. Barua ya Februari 1691 iliyoandikwa Edinburgh huenda ikawa na jibu kutoka London lenye tarehe ya 1690.

Mwandiko wa karne ya 16 na 17 hujifunzwi kwa kusoma juu yake. Nakili mistari 10 kila siku, herufi kwa herufi, bila kurekebisha tahajia, na ndani ya miezi michache utaweza. Anza na rejista za baraza la kanisa, maana maneno yake hujirudia.

Kwa kazi ya uwandani mfano mzuri ni Rosal, mahame yaliyo Strathnaver huko Sutherland. Wakazi wa bonde hilo walifukuzwa kwa awamu kuanzia 1814, na Patrick Sellar, wakala wa wenye ardhi, alishtakiwa Inverness mwaka 1816 akaachiwa. Mwaka 1962 mahame haya yalichimbwa na Horace Fairhurst wa Chuo Kikuu cha Glasgow, mwanajiografia aliyegeukia akiolojia. Karatasi za wenye shamba zinasema nini kilikusudiwa na kodi ilikuwa kiasi gani. Ardhi inaonyesha mengine: ukuta unaozunguka mashamba na kuyatenga na malisho, rundo la mawe yaliyookotwa vizazi kwa vizazi, msingi wa nyumba ndefu ambamo watu walikaa upande wa juu na ng'ombe upande wa chini ili mkojo utiririke nje. Tazama matuta yenyewe. Yaliyo mapana na yaliyopinda kidogo kama herufi S iliyovutwa yalilimwa kwa plau ya wanyama wengi, kwa sababu kundi refu la ng'ombe lilianza kugeuka kabla ya kufika mwisho wa shamba. Yaliyo membamba, ya mita 2 hivi, kwenye mteremko ambao plau haifiki, ni ya jembe la mguu, cas-chrom. Aina hizo mbili zikiwa pamoja, tafuta ipi imeikata nyenzake. Hapo una mpangilio wa wakati bila waraka wowote.

Nenda Machi au Aprili. Majani yamelala, kangaga hawajachipua, na jua la chini asubuhi na jioni hutoa kivuli kwenye tuta lenye kimo cha kiganja. Julai huoni kitu, kangaga wanafika kifuani na visubi hawakuachi uandike. Kuanzia Agosti hadi Oktoba kuna uwindaji wa kulungu, na ingawa sheria ya ardhi ya 2003 inakupa haki ya kupita kwa uangalifu, ulizia kwanza. Desemba mwanga wa kaskazini ni saa 6 hivi. Chukua utepe wa mita 30, fito ya mita 1 ya kuonyesha kipimo kwenye picha, dira, karatasi ya gridi na ramani ya 1:25,000 iliyochapwa, kwani simu hukosa mtandao na betri hufa kwa baridi. Chora msingi wa nyumba kwa 1:100. Andika namba ya gridi ya tarakimu 8, inayobana mahali ndani ya mita 10. Tarakimu 10 kutoka kwenye simu yenye kosa la mita 5 ni kujipa usahihi usio nao. Usichimbe, usiokote. Mahali palipoorodheshwa kulindwa kuna sheria ya 1979, na kitu chochote cha kale kinachookotwa Uskoti lazima kiripotiwe, kwa kuwa Taji, yaani dola, lina haki ya kukidai.

Kama Rosal ni mbali, Culbin kwenye pwani ya Moray inafundisha somo gumu zaidi. Inasimuliwa kwamba dhoruba ya 1694 ilifunika shamba zima kwa mchanga usiku mmoja. Kumbukumbu za Bunge la Uskoti hadi 1707 ziko mtandaoni bure, na humo kuna sheria ya 1695 inayosema shamba limeharibiwa kwa mchanga kwa sababu watu waling'oa nyasi na vichaka vya matuta, na inakataza jambo hilo. Mwenye shamba alikuwa akiomba asamehewe kodi, kwa hiyo alikuwa na sababu nzuri ya kueleza hasara yake kuwa kubwa. Sasa chukua jiomofolojia: ufuo wenye mchanga mwingi ulioachwa na barafu na kuletwa na mto Findhorn, upepo wa magharibi, na matuta yanayosogea kwa miaka. Mchanga ulikuwa umeanza kuingia kabla, na dhoruba ikamalizia. Tangu miaka ya 1920 msitu wa misonobari ulipandwa juu yake, basi leo ukitaka kuona matuta tumia picha za leza za kutoka angani, zinazoondoa miti na kuacha umbo la ardhi.

Wanafunzi kutoka kwetu huelekezwa haraka kwenye Waskoti wa Afrika Mashariki, na kweli uhusiano upo. Babu yake Livingstone alitoka kisiwa cha Ulva akahamia kwenye viwanda vya pamba vya Blantyre. Keith Johnston, mchora ramani wa Edinburgh, alifia Behobeho mwaka 1879, na kijana Joseph Thomson akaendelea na msafara. Chama cha Kijiografia cha Kifalme cha Uskoti kilianzishwa 1884, binti wa Livingstone akiwa miongoni mwa waasisi. Ni mada halali, lakini si ya mkato: hifadhi zimegawanyika, na karatasi za William Mackinnon wa Campbeltown, mwasisi wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ziko SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika, London. Kagua orodha ya hifadhi kabla ya kuahidi mada, na uweke nauli kwenye bajeti.

Tasnifu ya maneno 10,000 hadi 12,000 huwekwa chini ya idara moja, na uamuzi huo hufanywa mwishoni mwa mwaka wa tatu. Ukiiweka jiografia, fomu za maadili na za hatari za uwandani zisainiwe kabla hujatoka, la sivyo data yako inaweza kukataliwa, na kwa vitendo una likizo moja tu ya kiangazi ya kuikusanya. Ukiiweka historia, kiangazi hicho ni cha Edinburgh, kwenye Kumbukumbu za Taifa. Mipango ya mashamba hutunzwa huko chini ya alama RHP na karatasi za familia chini ya GD, na baadhi hukaa nje ya jengo, kwa hiyo agiza siku kadhaa kabla. Msahihishaji wa historia mara nyingi hafungui kiambatisho. Weka ramani ndani ya sura, pembeni ya aya inayoihitaji, yenye mshale wa kaskazini, mstari wa skeli badala ya uwiano wa namba unaoharibika karatasi ikipunguzwa, mwaka wa upimaji na si wa uchapishaji peke yake, na maandishi ya leseni ya aliyetoa data.